Kariakoo

Kariakoo ni kata ya Wilaya ya Ilala katika Mkoa wa Dar es Salaam, nchini Tanzania. Jina limetokana na matamshi ya wenyeji ya "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Inajulikana hasa kwa soko lake, lililosanifiwa na Beda Amuli na kuungua Julai 2021, lakini si soko tu. TANU ilianzishwa hapa tarehe 7 Julai 1954, na klabu za Simba na Yanga zina makao yao hapa.

Zamani mitaa ilijaa nyumba za Kiswahili: vyumba pande mbili za ukumbi, ua nyuma, na baraza mbele walipoketi majirani jioni. Nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa yenye maduka chini na makazi juu. Mwenye kiwanja hunufaika. Mpangaji wa chumba kimoja hulazimika kutafuta pengine, mara nyingi pembezoni mwa jiji, ingawa riziki yake bado iko Kariakoo.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka saa za biashara na kuua watu zaidi ya 20.