Ngalawa moja, daftari mbili: historia ya kosa la linka

Leo tuangalie kosa lililowasumbua wengi wanaoandika C kuanzia 2020. Programu imejengeka bila tatizo miaka nenda miaka rudi. Unabadilisha kompaila tu, na linka inagoma: "multiple definition". Wengi huilaumu kompaila mpya, lakini historia inaonyesha kuwa lawama ni za mazoea ya zamani.

Tuchukue mfano wa huku kwetu Kwale. Programu ya kuhesabu ngalawa ina mafaili mawili, diani.c na msambweni.c. Yote yanatumia heda moja, kwale.h, yenye mstari huu:

int ngalawa;

Heda hunakiliwa ndani ya kila faili linaloiita. Kwa hiyo Diani imefungua daftari lake na Msambweni lake, yote kwa jina lilelile. Linka ifuate lipi?

Mwaka 1958 FORTRAN II ya IBM ilileta COMMON: kila sehemu ya programu inatangaza eneo la kumbukumbu, kisha yote yanaunganishwa kuwa eneo moja. Dennis Ritchie alipounda C huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompaila za Unix zilifuata mtindo unaofanana na huo. Lakini kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978 kilitaka kigeu kama hicho kiwekwe katika faili moja tu. Kiwango cha ANSI cha 1989 kikashikilia hivyo hivyo. Hata hivyo mazoea yalishinda. GCC, iliyotoka mara ya kwanza 1987, iliendelea kuunganisha kimyakimya mpaka GCC 10, Mei 2020.

Kwani ubaya uko wapi? Tuseme mtu ameandika int ngalawa katika diani.c na mwingine double ngalawa katika msambweni.c. Zamani linka ilichukua nafasi iliyo kubwa zaidi, ikanyamaza. Diani inaandika namba kamili, Msambweni inaisoma kama desimali. Hesabu inaharibika bila onyo hata moja, na unaweza kuitafuta hitilafu wiki nzima.

Dawa ni mistari miwili. Katika kwale.h:

extern int ngalawa;

Na katika faili moja tu, kwale.c:

int ngalawa = 0;

Neno extern linasema: daftari lipo, ila limewekwa kwingine. Ni kama daftari kuu kukaa Kwale mjini, Diani na Msambweni zikaandika humo humo.

Angalizo tatu:

1. #ifndef haisaidii hapa. Inazuia heda kusomwa mara mbili ndani ya faili moja, si kati ya mafaili mawili.
2. Ukiandika int ngalawa = 0; ndani ya heda, hata GCC za zamani zitagoma.
3. -fcommon inarudisha tabia ya zamani. Itumie kujenga programu ya mtu mwingine ya zamani, si kufunika kosa lako.

Kama bado una kompaila ya kabla ya 2020, jenga programu zako kwa -fno-common uone zitakazogoma. Afadhali uyajue makosa hayo leo kuliko siku ya kumkabidhi mteja kazi.