Tajiri wa Kwanza

Mtaa wetu umebeba jina la mshindani wa dereva wa lori. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978, na mafuta mengi yaliyokuwa yakipandishwa kwa reli na kwa malori ya tangi yakaanza kupita chini ya ardhi. Jina la bomba likabaki kwa mtaa: Pipeline. Baadaye ghorofa zikapanda, na leo ndani yake wamejaa vijana wanaotafuta riziki kwenye bohari ya makontena ya Embakasi, viwanda vya Industrial Area na Mombasa Road.

Mmoja wao ni jirani yangu wa ploti. Tuliacha chuo kikuu mwaka mmoja. Mimi nikashika kalamu, yeye usukani. Sasa ana leseni ya CE, ile ya trela, na matajiri wawili wanamtaka. Kwa madereva, tajiri ni mwenye lori, hata kama anadaiwa na benki. Wa kwanza ana lori moja la mchanga na kokoto: usukani anapewa leo, malipo ni kwa safari. Wa pili ni kampuni ya matrela: mshahara wa mwezi, lakini aanze kama tanboi. Jamaa anaona aibu. Ati leseni yote hiyo, halafu aende kufunga turubai?

Mimi gia sizijui, ila nimesoma historia kidogo, na nadhani ina la kumwambia.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wa lori husema tanboi alikuwa kijana wa kuzungusha injini kwa chuma cha mkono, kabla magari hayajawashwa kwa ufunguo. Chuma kikapotea, kijana akabaki. Mpaka leo yumo katika agizo la serikali la mishahara ya chini, kundi moja na wachimba migodi, wakata mawe na wapishi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya masafa marefu: kuweka jiwe nyuma ya gurudumu mlimani, kubadilisha tairi usiku, kusikiliza breki. Shule bila ada na bila cheti. Siku ya kuhitimu ilikuwa siku dereva alipoamua kukuachia usukani, na wengine hawakuachiwa kamwe.

Reli ilikuwa na utaratibu mwingine. Ilifika Nairobi 1899, ikawajengea wafanyakazi nyumba Muthurwa, na mwaka 1956 ikafungua chuo chake cha mafunzo hapa jijini. Nyumba zilikuwa finyu na ubaguzi ulikuwa mkali, lakini kumfunza mtu kazi ilikuwa gharama ya mwajiri. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na shirika la reli la pamoja likagawanyika nayo. Miaka iliyofuata mzigo ukazidi kuhamia barabarani, kwa matajiri wakubwa na wadogo. Gharama ya mafunzo ikamhamia dereva. Sasa kijana analipia shule na leseni mwenyewe, kisha anaambiwa alete uzoefu wa miaka miwili. Autoe wapi?

Hasara nayo ikamwangukia. Agosti 2019 serikali iliagiza makontena ya kuja Nairobi yapandishwe kwa SGR. Mombasa wakaandamana, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo. Sasa fikiria dereva anayelipwa kwa safari katika miezi kama ile. Safari ikikosekana, kodi ya nyumba haikosekani.

Nairobi ilishawahi kuligombania jambo hili. Mei 1950, Fred Kubai wa chama cha wafanyakazi wa usafiri alikamatwa pamoja na Makhan Singh, na mji ukagoma. Kati ya madai yao kulikuwa na mshahara wa chini. Walijua kwamba kazi isiyo na kiwango kilichoandikwa, hasara yake humfuata asiye na kitu.

Kwa hiyo nilimwambia jirani aache kwanza habari ya nani atampa usukani haraka. Aulize: lori likikwama siku tatu, nani ananilipa? Mzigo ukizidi kwenye mizani ya Mlolongo, faini ni ya nani? Utanifunza kwa miezi mingapi, na hiyo miezi imeandikwa wapi?

Akauliza. Mwenye lori moja alicheka: "Wewe dereva ama wakili?" Meneja wa kampuni alisema miezi sita, lakini kuandika hapana. Jirani yangu bado anamsumbua aandike. Mimi namuunga mkono, kwa sababu uanafunzi usio na tarehe ya mwisho ndio uliowazeesha matanboi wengi wakiwa kiti cha kushoto. Turubai halina aibu. Aibu ni kulifunga miaka kumi ukiwa na leseni mfukoni.