Kabureta ifaayo msumeno uliowekewa silinda kubwa

MWENYE msumeno wa mnyororo anapoamua kung’oa silinda iliyochakaa na kuweka iliyo pana zaidi, swali linalozuka mara moja ni iwapo kabureta ya awali itatosha au itambidi anunue nyingine.

Mara nyingi kabureta hiyo hiyo hutosha, mradi irekebishwe upya kabla ya msumeno kurudishwa kazini. Kinachoharibu injini nyingi baada ya ukarabati wa aina hii si udogo wa kabureta, bali ni petroli haba inayoingia ndani ya silinda.

Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili na haina hifadhi ya oili kama ya gari. Oili inayolainisha pistoni na beringi huja ikiwa imechanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa kila lita tano.

Kwa hivyo, petroli ikipungua, oili nayo hupungua. Joto hupanda, pistoni hutanuka na kukwaruza ukuta wa silinda, na silinda mpya huweza kuharibika kwa muda wa dakika chache tu.

Mfano mzuri wa tofauti za ukubwa ni misumeno ya Husqvarna kutoka Uswidi. Modeli ya awali ya 365 ilikuwa na silinda yenye kipenyo cha milimita 48 na ujazo wa sentimita 65.1 za ujazo. Modeli ya 372 XP ina kipenyo cha milimita 50 na ujazo wa 70.7, ilhali pistoni za mashine zote mbili husafiri milimita 36.

Silinda ya milimita 52 kwa msafara huo huo hufikisha ujazo wa takriban 76.5. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 17 likilinganishwa na silinda ya milimita 48.

Hata hivyo, haimaanishi kwamba koo la kabureta sharti lipanuliwe kwa kiwango hicho. Eneo la tundu la mviringo hukua haraka kuliko kipenyo chake, hivi kwamba koo la milimita 18 lingehitaji kufika milimita 19.5 pekee ili kasi ya hewa ibaki ilivyokuwa.

Isitoshe, silinda kubwa huvuta hewa kwa nguvu zaidi. Hewa ikipita kwa kasi katika sehemu nyembamba ya koo, shinikizo hushuka na petroli zaidi hufyonzwa. Ndiposa kabureta ya awali huweza kuilisha silinda mpya, ingawa nguvu za ziada zitaonekana zaidi injini inapolemewa na gogo kuliko inapozunguka kwa kasi ya juu kabisa.

Kuweka kabureta kubwa kupita kiasi nako kuna madhara. Hewa hupita polepole kooni, petroli haivunjwivunjwi vyema, na injini husitasita inapoongezwa moto kutoka mzunguko wa chini.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fundi anapaswa kuhakikisha hakuna mahali hewa inapovuja. Gaskiti ya silinda, mpira unaounganisha kabureta na silinda, pamoja na sili za krenki, zote zikaguliwe.

Aidha, tundu linalopitisha mapigo ya shinikizo kutoka kasha la krenki hadi kwenye kabureta lisizibwe na gaskiti. Mapigo hayo ndiyo huendesha kiwambo kinachosukuma petroli kutoka kwenye tangi.

Kabureta nyingi zina skrubu tatu. Ya herufi L hudhibiti petroli ya mzunguko wa chini, ya H petroli ya kasi ya juu, na ya tatu huweka mzunguko wa injini isipofanya kazi. Kukaza L au H hupunguza petroli, kulegeza huiongeza.

Kwa misumeno mingi, hatua ya kwanza ni kukaza L na H polepole hadi zigote, kisha kulegeza kila moja mzunguko mmoja. Injini ipashwe moto, chujio la hewa likiwa safi, ndipo marekebisho yaanze.

L ikishawekwa sawa, skrubu ya tatu irekebishwe hadi mnyororo usimame tuli injini inapounguruma bila kuongezwa moto. Mnyororo unaozunguka wakati huo ni hatari kwa miguu ya mkataji.

H nayo iachwe upande wa petroli nyingi. Injini ikiwa kwenye kasi ya juu bila kukata, isikike ikikatakata kidogo. Ikiingizwa kwenye gogo, sauti hiyo inyooke. Mlio mwembamba na safi usio na gogo ni ishara kwamba petroli ni haba.

Ni vyema pia kutumia kipimo cha mizunguko na kutozidi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Baadhi ya koili huzuia kasi isipite kiwango fulani, na mkatiko wake huweza kumhadaa fundi akadhani petroli imetosha.

Skrubu ya H ikilegezwa hadi mwisho na bado petroli ni haba, hapo ndipo kabureta yenye jeti kubwa zaidi huhitajika.

Mahali pa kazi pia pana uzito wake. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Msumeno uliorekebishwa Eldoret ukipelekwa Pwani utapata hewa nyingi kwa petroli ile ile, na pistoni itakuwa hatarini.

Misumeno yenye kabureta za kielektroniki, kama M-Tronic ya Stihl na AutoTune ya Husqvarna, hujirekebisha yenyewe. Kwa mingineyo, skrubu ya H ikaguliwe upya kila mashine inapohamishwa kutoka nyanda za juu hadi za chini, kabla ya gogo la kwanza kukatwa.