Maporomoko ya theluji Alps: Hatari ya daraja la tatu isidharauliwe

Kila jioni ya majira ya baridi, saa kumi na moja, idara za tahadhari za Uswisi na jimbo la Tirol nchini Austria hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji milimani. Taarifa hiyo hutumia kipimo cha madaraja 5 kilichokubaliwa na nchi za Ulaya mwaka 1993: daraja la 1 ni hatari ndogo, la 2 ya wastani, la 3 ya kutia wasiwasi, la 4 kubwa na la 5 kubwa mno.

Daraja la 5 hutangazwa kwa nadra. Lilikuwepo Februari 23, 1999, poromoko lilipokifikia kijiji cha Galtür, Austria, na kuua watu 31. Siku kama hizo barabara hufungwa na watu hubaki majumbani.

Daraja la 3 ni jambo jingine. Kwa mujibu wa takwimu za taasisi ya utafiti wa theluji ya SLF, iliyoko Davos, daraja hilo hutangazwa kwa takriban theluthi moja ya majira ya baridi, lakini takriban nusu ya vifo nchini Uswisi hutokea wakati huo. Kwa kuwa namba 3 iko katikati ya kipimo, wengi huidhania kuwa hatari ya kawaida. Jua huwa linawaka, theluji mpya inavutia, na hakuna anayewazuia kutoka nje ya njia rasmi za kuteleza, ambako vifo vingi hutokea.

Chanzo cha hatari kimefichika ndani ya theluji yenyewe. Theluji hulala kwa matabaka, kila anguko juu ya jingine. Usiku wa baridi kali usio na mawingu, mvuke hupanda kutoka chini kwenye joto kiasi, na chembe za theluji hugeuka kuwa kubwa na zisizoshikamana, mfano wa sukari. Upepo ukirundika theluji mpya juu ya tabaka hilo dhaifu, huundwa bamba zito lililokaa juu ya msingi mbovu. Katika mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja. Katika ajali tisa kati ya kumi, anayefukiwa huwa amelianzisha poromoko yeye mwenyewe au mwenzake.

Dalili zake zajulikana: maporomoko mapya katika miteremko ya jirani, nyufa zinazokimbia mbele ya hatua, mngurumo mzito chini ya miguu, na joto linalopanda ghafla. Alama za watu waliotangulia si uthibitisho wa usalama, kwani bamba huweza kumstahimili wa kwanza na kumwangukia wa tano.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, uwezekano wa kumkuta hai ni takriban asilimia 90. Baada ya nusu saa hubaki takriban theluthi moja. Helikopta ni nadra kuwahi muda huo. Mwokozi wa kweli ni mwenzi aliye kando, mwenye kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, na aliyekwisha kujifunza kuvitumia.

Wanaovuka mpaka kwenda milimani hawana budi kuisoma taarifa yote na si namba pekee, kwani hueleza pia ni miteremko ipi, ya upande gani na kuanzia kimo gani, iliyo hatari zaidi. Ajali ikitokea, namba ya dharura kote Ulaya ni 112. Austria pia 140 na Uswisi 1414.