Jogoo Asiye na Mtama

Kadi ya chama ya babu yangu niliikuta ndani ya sanduku la bati, chini ya mablanketi, imefungwa kwa karatasi ya nailoni kama hati ya shamba. Ina picha ya jogoo. Stempu za ada zinafika mwaka 2002. Baada ya hapo ni miraba mitupu mpaka mwisho.

Wasomaji wenzangu, mimi nilikuwa natafuta kisa cha riwaya. Nimemaliza kidato cha nne, kazi ya maana sina, kalamu ndiyo jembe langu. Nilitaka kuandika juu ya ndugu wawili wasiosalimiana, yaani baba yangu na baba mdogo. Babu, ambaye alikuwa mweka hazina wa tawi la KANU mtaani kwetu Nakuru, akaniambia nikitaka kujua ugomvi wa wanawe nianzie Bungeni, si nyumbani. Nikacheka. Baadaye sikucheka tena.

Basi tuanzie huko. Tangu Kenya ipate uhuru mwaka 1963, KANU haikuwahi kukosa wingi wa viti Bungeni. Kwa miaka mingi haikuwa na hata mpinzani wa kushindana naye, na mwaka 1982 sheria ikatamka wazi kwamba chama ni kimoja tu. Vyama vingi viliporudi mwishoni mwa 1991, bado jogoo aliwika: viti 100 kati ya 188 mwaka 1992, na 107 kati ya 210 mwaka 1997. Ulikuwa wingi mwembamba, lakini wingi ni wingi.

Kisha ikaja Desemba 27, 2002. NARC ilizoa viti 125, KANU ikabaki na 64. Mwai Kibaki akawa Rais, na Uhuru Kenyatta, ambaye Rais Moi alimteua kuwa mgombea, akawa kiongozi wa upinzani. Najua kuna watakaosema chama kilipasuka kabla ya hapo, akina Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti walipotoka mwaka huo huo kwa sababu ya uteuzi huo. Kweli. Lakini hao waliondoka jogoo akiwa bado na mtama. Mimi nasimulia waliobaki naye baada ya ghala kufungwa.

Babu ananiambia hivi: "Mjukuu wangu, sisi hatukuwa tukipendana. Tulikuwa tukila pamoja." Chama kilikuwa na chifu, kilikuwa na DC, kilikuwa na kazi za mashirika ya serikali na vipande vya ardhi. Mtu aliyenuniana na mwenzake alivumilia, maana akitoka anatokea wapi? Siku wingi ulipokwenda, uvumilivu nao ulikosa mshahara. Mapema mwaka 2003 serikali mpya ikachukua hata lile jumba la KICC jijini Nairobi, ambalo chama kilikuwa kimelishikilia kama mali yake. Babu anakumbuka habari hiyo kuliko hata siku ya kura. Anasema kura unaweza kushindwa ukarudi, lakini mtu akikutoa nyumbani kwako mbele ya watoto, hapo umekwisha.

Sasa wabunge 64 walikuwa na njia tatu. Kujipendekeza kwa Kibaki. Kuungana na waasi wa NARC chini ya Raila. Au kubaki peke yao na kungoja. Kila njia ilipata wateja. Mwaka 2004 Kibaki alipanua baraza lake akamwingiza Njenga Karume, mbunge wa KANU, awe waziri. Mwanzoni mwa 2005 wajumbe walikutana Kasarani, Uhuru akamshinda Nicholas Biwott kwa kura 2,980 dhidi ya 622 katika kugombea uenyekiti, na William Ruto akawa katibu mkuu. Ukisikia ushindi huo utadhani mambo yametulia. Lakini wapi!

Jambo moja lilinishangaza. Mbona waasi hawakutoka tu? Jibu liko mwaka 1966. Oginga Odinga na wenzake walipohama KANU kwenda KPU, serikali ilipitisha haraka sheria kwamba mbunge akihama chama kilichompeleka Bungeni, kiti kimekwenda. Mtego ule aliutega jogoo mwenyewe, na miaka karibu arobaini baadaye ukamnasa yeye: waliochoka naye hawakuthubutu kutoka, wakabaki ndani wakitoboa mtumbwi.

Novemba 2005 ikaja kura ya maoni juu ya Katiba. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa ilikuwa hapana. Uongozi wa KANU ukasimama na Raila upande wa chungwa, na chungwa likashinda. Nyumbani kwetu, baba alipigia chungwa kwa sababu chama kimesema. Baba mdogo alipigia ndizi kwa sababu alikuwa ameahidiwa kazi, na aliyemwahidi alikuwa mtu wa chama hicho hicho! Wote wawili walikuwa na kadi. Usiku wa matokeo waliitana wasaliti mbele ya babu, na chakula kikaachwa kwenye sahani.

Huko juu nako hakukuwa na tofauti. Mwaka 2006, kundi lililokataa ushirika na chungwa lilikutana Mombasa likamchagua Biwott, na Mzee Moi akiwaunga mkono. Msajili akalitambua kundi hilo. Mahakama ikamrudisha Uhuru. Fikirini, chama kilichowahi kumiliki nchi kinagombania jina lake kortini kama warithi wanavyogombania ploti. Mwaka 2007 Uhuru akakiondoa chama kwenye ule ushirika, kisha akaacha kugombea urais na kumuunga mkono Kibaki. Ruto akabaki na chungwa. Katika uchaguzi wa mwaka huo KANU haikufikisha hata viti ishirini, na mwaka 2012 Uhuru mwenyewe akahama kwenda TNA.

Riwaya yangu bado haijapata mwovu. Nilimtaka sana. Nilidhani atakuwa baba mdogo, lakini nilipokwenda kumtembelea Naivasha aliniuliza swali moja tu: kama baba bado anakohoa usiku. Kazi aliyoahidiwa hakuipata.

Niliporudi nilimwambia babu. Alinyamaza, akaomba kadi yake, akaipangusa kwa kiganja. Kisha akasema tumpigie simu baba mdogo, lakini nipige mimi, nisiseme ni yeye aliyenituma.