Mzigo wa Askofu: Uchovu wa Uongozi katika Misheni ya UMCA, 1861–1894

Makala haya yanachunguza namna Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati (UMCA) ilivyokabili kuchakaa kwa viongozi wake katika karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba uchovu wa viongozi wa kiroho hulelewa na muundo wa kazi kuliko udhaifu wa mtu, na kwamba kugawa eneo la kazi bila kugawa madaraka ni nusu ya tiba.

Dhana yenyewe ni ya baadaye. Herbert Freudenberger aliieleza kitaalamu mwaka 1974, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaifafanua kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala si ugonjwa. Kwa sababu hiyo, haifai kuwapa marehemu wa karne ya 19 jina hilo. Linaloweza kuchunguzwa ni mzigo waliobebeshwa.

Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu Januari 1861, akafariki kwa homa katika bonde la mto Shire Januari 1862. Mrithi wake, William Tozer, alihamishia misheni Unguja mwaka 1864, akajiuzulu mwaka 1873 kwa kudhoofika afya. Edward Steere alimfuata mwaka 1874. Huyu alikuwa askofu, mfasiri wa Maandiko, mwanasarufi, mpiga chapa na msimamizi wa ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Alifariki Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54.

Inaweza kudaiwa kwamba chanzo kilikuwa homa na hali ya hewa. Dai hilo lina uzito, lakini halielezi kwa nini kuondoka kwa mtu mmoja kuliyumbisha kazi nzima. Baada ya Steere, kiti cha askofu kilikaa wazi hadi Charles Smythies alipowekwa wakfu Novemba 1883. Majukumu yaliyokusanywa mikononi mwa mmoja hayakuwa na wa kuyapokea.

Smythies alirithi dayosisi iliyoanzia Unguja hadi Ziwa Nyasa, naye aliizungukia kwa safari ndefu za miguu. Mwaka 1892 misheni ilichukua hatua ya kimuundo: eneo la Nyasa likawa dayosisi ya peke yake, chini ya Wilfrid Hornby. Hata hivyo, mwaka 1894 Hornby alijiuzulu kwa sababu ya afya, na Mei mwaka huohuo Smythies akafia baharini akirejea Uingereza. Mipaka ilikuwa imepunguzwa; namna ya kuongoza ilibaki ileile.

Njia nyingine ilikuwepo. Steere alimpa John Swedi ushemasi mwaka 1879, na mwaka 1890 Cecil Majaliwa akawa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA, akihudumu Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo. Wenyeji walikabidhiwa kazi, lakini uamuzi wa juu haukufuata kwa kasi hiyo. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana nchini Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955, tena akiwa askofu msaidizi na katika dayosisi isiyokuwa ya UMCA. Kati ya upadri wa Majaliwa na uaskofu huo ilipita miaka 65.

Ushauri wa Yethro kwa Musa, katika Kutoka 18, ulikuwa kuteua watu wenye mamlaka ya kuamua, si wa kubeba mizigo tu. Historia ya UMCA inathibitisha uzito wa tofauti hiyo. Sera za makanisa ya ukanda huu zinazoishia kwenye semina za uvumilivu na siku za mapumziko zitamrudisha kiongozi aliyepumzika kwenye mzigo uleule. Kinga huanza pale kanisa linapoamua mapema eneo moja lisizidi ukubwa gani, nani atakaimu kiongozi akiugua, na ni maamuzi yapi msaidizi anaweza kuyafanya bila kumsubiri.