Walisema ni Simba: Dada Aliyepotea Maasai Mara 1988 na Baba Aliyegoma Kudanganywa

Tarehe 13 Septemba 1988, ndege ndogo ya kukodi ilikuwa inazunguka juu ya Maasai Mara nchini Kenya. Ilikuwa imepita wiki nzima tangu dada mmoja wa Kiingereza, miaka 28, aonekane kwa mara ya mwisho. Huko chini rubani akaona kijipu cha Suzuki kimenasa kwenye korongo. Juu ya paa lake mtu alikuwa ameandika kwa tope herufi tatu: SOS. Ndani hapakuwa na mtu.

Saa chache baadaye, kilomita kadhaa kutoka hapo, kwenye majivu ya moto uliokwishazimika, wakakuta sehemu ya mguu wa kushoto na kipande cha taya. Baba yake mzazi alikuwepo. Alikuwa amefika Kenya siku chache tu kabla, na ndege zilizokuwa angani alizikodi kwa pesa zake.

Maelezo rasmi yaliyofuata yalikuwa mafupi: binti ameliwa na wanyama.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wengi wanaosoma hapa hawakuwa wamezaliwa. Dada huyu aliacha maisha yake ya Suffolk, Uingereza, mapema mwaka 1988 akaja Afrika kwa safari ndefu ya barabara. Alikuwa anapenda kupiga picha za wanyama. Kufikia Septemba alikuwa Kenya na alikuwa anajiandaa kurudi kwao, ila akaona asiondoke bila kwenda Mara mara moja ya mwisho. Akaenda na rafiki yake, raia wa Australia, kwa kale kajipu. Gari likawazingua porini. Rafiki akapanda ndege kurudi Nairobi, dada akabaki hotelini akisubiri gari litengenezwe.

Tarehe 6 gari likapona. Akaendesha peke yake hadi kambi ya Mto Sand, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, kuchukua mahema na vitu walivyokuwa wameviacha. Mchana akaondoka. Hapo ndipo habari zake zinapokatika.

Kwenye kitabu cha wageni pale getini kulikuwa na saini yake ya kutoka. Baadaye ikaja kujulikana kuwa saini ile hakuiweka yeye, iliandikwa na mtu mwingine. Kitu kidogo kama hicho unaweza kukipuuza ukiwa na haraka. Mzee wake hakuwa na haraka.

Alikuwa mfanyabiashara wa hoteli, mtu wa mahesabu. Hakuwa polisi wala mwanasheria, lakini akili yake ilimwambia jambo rahisi ambalo maofisa walikuwa wanaliruka: simba hawashi moto. Chui hamwagi mafuta ya gari akachoma alichobakiza. Na mnyama anayekula mtu mzima haachi mfupa uliokatwa kama umepita kwenye meza ya bucha. Zaidi ya simba zilitajwa pia nadharia nyingine, ikiwemo kwamba huenda alijiua, na kwamba huenda alipigwa na radi. Yaani radi imuue, imkate, imchome, halafu iweke mguu wake kwenye majivu.

Kilichofanya kesi hii iingie kwenye historia ni karatasi moja tu.

Daktari aliyefanya uchunguzi wa mabaki hayo Nairobi alikuwa mtu wa kigeni anayefanya kazi serikalini. Aliandika alichokiona: mfupa umekatwa, na kilichoukata kilikuwa na makali. Ripoti ilipomfikia baba, maneno yalikuwa yamebadilishwa. Kilichokatwa sasa kilikuwa kimepasuka au kuraruka, na makali yametoweka. Aliyebadilisha alikuwa bosi wa yule daktari, mkuu wa wataalamu wa maiti wa serikali. Ukiyaangalia ni maneno machache tu, lakini ndiyo yanayotenganisha ajali ya porini na mauaji. Mfupa ukiraruka unamtafuta fisi. Ukikatwa unamtafuta mtu.

Baba akafanya kitu ambacho wachache wangekifanya wakiwa kwenye msiba. Mabaki ya mwanawe akayapeleka kwao, yakakaguliwa upya na mtaalamu wa Cambridge. Jibu likawa lile lile la daktari wa kwanza: alikatwa, kisha akachomwa. Akarudi nalo Nairobi.

Kwa nini kubadilisha ripoti? Hapa lazima ukumbuke Kenya ya wakati ule. Ni nchi ya chama kimoja, magazeti yanaandika kwa kupima maneno, na utalii ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya pesa za kigeni. Filamu ya Out of Africa ilikuwa imetoka 1985, wazungu wanamiminika kuja kuona nyika ile ile waliyoiona kwenye sinema. Mtalii akiliwa na simba ni huzuni, ila ni huzuni inayoendana na tangazo: pori ni pori. Mtalii akiuawa na binadamu ndani ya hifadhi, tena mahali ambapo watu wenye bunduki na magari ni askari wa hifadhi wenyewe, hapo watalii wanaanza kufuta safari. Hakuna aliyewahi kusimama mahakamani akakiri kwamba hesabu ilikuwa hiyo. Lakini ukitazama nani alinufaika na neno "kuraruka", huhitaji ramani.

Mwaka 1989 mahakama ya Nairobi ikakaa kuchunguza kifo hicho. Baba alikuwa ameshinikiza hadi ikafanyika. Mashahidi wakapanda mmoja mmoja, suala la ripoti likawekwa wazi, suala la saini nalo likajadiliwa. Mwezi Oktoba hakimu akatoa uamuzi ambao serikali ilikuwa imeukwepa kwa mwaka mzima: huyu dada aliuawa. Na watu waliomuua hawajulikani.

Heshima kwa yule hakimu, maana haikuwa kazi nyepesi kwa mtumishi wa serikali kuandika sentensi hiyo mwaka ule.

Ukidhani baada ya hapo mambo yalinyooka, hapana. Mwaka 1990 wapelelezi wa Scotland Yard wakaja Kenya, na nguvu yao ikaelekea kwa askari wawili wa wanyamapori. Wakashtakiwa kwa mauaji, na mwaka 1992 jaji akawaachia huru kwa sababu ushahidi haukutosha. Mwaka 1999 ikawa zamu ya aliyekuwa mhifadhi mkuu wa hifadhi. Huyu ndiye aliyewaongoza watu hadi kwenye majivu siku ile ya tarehe 13. Upande wa mashtaka uliona ajabu kwamba katika eneo kubwa namna ile alifika mahali penyewe bila kuhangaika. Yeye alisema aliona tai wakizunguka. Naye akaachiwa huru.

Kwa hiyo watu watatu walishtakiwa na wote watatu mahakama iliwaona hawana hatia, na hivyo ndivyo wanavyopaswa kuhesabiwa. Mitandaoni kesi hii ikitajwa tu utaona watu wanamwaga majina ya vigogo na watoto wa vigogo kama njugu. Majina hayo yamezunguka tangu enzi za vijiweni, kabla hata ya simu za mkononi. Hakuna hata moja ambalo mahakama imelithibitisha.

Na ubaya haukuwa wa Kenya peke yake. Hii ndiyo sehemu ambayo masimulizi mengi ya Kiingereza huipitia mbio. Kwa miaka mingi baba alikuwa analalamika kwamba hata watu wake mwenyewe, ubalozi wa Uingereza Nairobi na wapelelezi wa London, walikuwa wanamchezea. Aliambiwa amechanganyikiwa na majonzi. Mwishowe polisi wa jimbo jingine la Uingereza, Lincolnshire, wakapewa kazi ya kuchunguza malalamiko yake, na mwaka 2004 matokeo yakaonyesha mzee alikuwa sahihi. Ripoti ilikosoa vikali mwenendo wa maofisa wa nchi yake katika suala hilo. Mwaka huo huo uchunguzi wa kifo uliofanyika Ipswich ukafikia hitimisho lile lile la Nairobi: aliuawa. Ilichukua miaka 15 kwa nchi yake kusema kile ambacho hakimu Mkenya alishakisema.

Muda wote huo mzee hakutulia. Magazeti yalihesabu zaidi ya safari 100 za kwenda na kurudi Kenya, na karibu pauni milioni 2 zilizotoka mfukoni mwake. Alilala kwenye mahema, akahoji wapishi, madereva, makarani wa getini. Mwaka 1991 alitoa kitabu kuhusu kesi ya binti yake. Jina la kitabu kwa Kiswahili ni kama kusema "Wanyama Hawana Hatia".

Sasa weka kando pauni milioni 2, kisha ujiulize kuhusu mzazi ambaye hana hata nauli ya kwenda kituoni mara ya pili.

Anaripoti kwamba binti yake hajarudi nyumbani siku ya tatu. Askari wa zamu hapokei habari za simba, huyu wa mjini ana simba wake wa aina nyingine: "Labda ameenda kwa mwanaume." "Atarudi tu, subiri." "Mlikuwa mmegombana?" Kazi ya maneno hayo ni ile ile ya ile karatasi ya 1988. Yanafunga faili kabla halijafunguliwa. Na muda unaopotea ndio muda ambao damu inakauka, simu inazimwa, na aliyeona kitu anahama mtaa.

Mfano wa karibu upo Nairobi hapo hapo, miaka 36 baada ya Mara. Julai 2024, kwenye shimo la zamani la kuchimba mawe eneo la Kware, Mukuru kwa Njenga, miili ya wanawake ilianza kuopolewa ikiwa ndani ya magunia. Shimo lilikuwa limegeuka jaa, limejaa maji na taka. Walioingia mle kwa kamba walikuwa vijana wa mtaa, na ndugu wa dada mmoja aliyepotea ndio waliokuwa wamesukuma watafutwe waingie. Hakuna aliyekodi ndege. Kituo cha polisi kilikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kutembea kwa mguu kwa dakika chache ukafika. Wakazi wakauliza swali ambalo halikuhitaji mwanasheria: magunia yote haya yalipitaje hapo?

Siku chache baadaye polisi wakatangaza kumkamata kijana wa miaka 33, wakasema amekiri kuua wanawake 42 tangu mwaka 2022. Wakili wake akasema mteja wake aliteswa hadi akasema hivyo. Kesi haikufika hata mahali pa kupima nani anasema kweli, kwa sababu Agosti 2024 mtuhumiwa alitoroka kwenye selo ya kituo cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12. Wavu wa chuma ulikatwa. Waligunduliwa hawapo asubuhi, chai ya mahabusu ilipopelekwa.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, tofauti ya pesa inaonekana haraka. Mmoja alikuwa na jina kwenye magazeti ya dunia, wengine walitambulishwa kwa namba za mifuko ya chumba cha maiti mpaka ndugu walipofika. Lakini pia zinafanana sana. Kote kuwili, waliotafuta ni ndugu. Wenye mishahara ya kutafuta walifika baadaye, na walipofika walikuwa na maelezo tayari. Yule mzungu alikuwa na uwezo wa kununua maelezo mbadala: ndege, mtaalamu wa Cambridge, mawakili, miaka. Hata hivyo, kwa uwezo wote huo, alichopata ni neno "aliuawa" kwenye karatasi mbili, moja ya Nairobi na nyingine ya Ipswich. Jina la muuaji hakulipata.

Kuna kitu kingine alichokipata ambacho hakionekani haraka. Kabla yake, ripoti ya daktari wa serikali ilikuwa kama msahafu, ikitoka imetoka. Yeye alionyesha hadharani, mbele ya hakimu, kwamba karatasi hiyo inaweza kuandikwa upya na mtu mwenye cheo, na kwamba ndugu wa marehemu wana haki ya kumuuliza daktari wa kwanza aliandika nini. Familia inayodai leo mtaalamu wao awepo chumbani wakati maiti inapasuliwa inajua kwa nini inadai hivyo, hata kama haijawahi kusikia habari za kijipu kile cha Mara.

Mzee huyo alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 80 na ushee. Kutoka siku aliyosimama juu ya yale majivu hadi siku anazikwa ilikuwa karibu miaka 35, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyehukumiwa kwa kumuua binti yake.